Tailizi zimeinuka zenyewe chumbani, sebuleni nisirudie kosa gani?

BintiMikanjuni

Assalaam aleykum wote. Niko Tanga mjini, Mikanjuni. Nyumba ni ya marehemu baba, tunaikarabati kidogo kidogo mimi na kaka yangu. Mwaka jana mwezi wa nane tuliweka tailizi za 60 kwa 60, hizi za poseleni, kwenye vyumba viwili. Kazi ilipendeza mno. Fundi hakuacha nafasi hata ya kupitisha wembe, ukisimama mlangoni unaona kioo kimoja mpaka dirishani, na kwenye kuta zote nne zimebana kabisa.

Mwezi wa pili huu, siku ya jua kali la kaskazi, mama alikuwa amejilaza baada ya swala ya adhuhuri. Akasikia "pa!" kama mtu kavunja nazi. Kwenda chumba cha pili akakuta mstari mzima wa katikati umeinuka, tailizi zimeegemeana kama paa la kibanda. Hakuna aliyekanyaga, hakuna kilichoanguka. Mpaka leo mama hataki kulala peke yake mchana.

Nikampigia fundi, akasema tailizi mbovu. Nikaenda dukani, wakasema fundi mbovu. Nilipoziokota mwenyewe niliona kitu kimoja: migongo yake misafi kabisa kama imetoka kwenye boksi sasa hivi. Saruji ilibaki chini, mabonge matano kwa kila tailizi, manne ya pembeni na moja la katikati. Na mabonge mengine ukiyagusa kwa kidole cha mguu yanabanduka kwenye sakafu kama ganda la yai.

Nimebakiwa na sebule (mita 4.7 kwa 3.7), bafu, na baraza ya nyuma. Sakafu yote ni ya niru nyekundu (saruji laini iliyosuguliwa), baba aliipiga mwaka 1987 na haijapasuka popote. Nauliza: nitumie saruji au gundi? Niru niivunje? Na fundi nitakayempata nimwambieje, mimi mwanamke na sijawahi kushika mwiko, asinione namfundisha kazi? Naomba mnisaidie, pesa ya kurudia mara ya tatu sina.

FundiSahare

Waaleykum salaam mwanangu. Mungu amrehemu mzee wako. Niru ya mwaka 1987 ambayo haijapasuka ni kazi ya mtu aliyejua, usiivunje.

Kwanza nikutoe kwenye ugomvi wa dukani. Kwa ulivyoeleza, tailizi zako si mbovu. Nakwambia kwa uhakika kwa sababu hilo lililotokea chumbani kwa mama limewahi kutokea mikononi mwangu. Mwaka 2009 niliweka sebule kubwa huko Raskazone, tailizi za namna hiyo hiyo, mabonge matano, zimebanana, ukuta hadi ukuta. Mwaka wa pili yake, msimu wa joto, zikainuka. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, hakunitukana hata neno, alinionyesha tu. Nikarudia kazi kwa pesa yangu, siku sita, na nikiwa nazibandua nikaona unachokiona wewe: mgongo msafi. Toka siku ile sijaweka tena bonge chini ya tailizi.

Sasa elewa kinachofanyika. Tailizi ikipata joto inatanuka. Ni kidogo sana, kwa urefu wa mita 4.7 joto likipanda nyuzi 15 ni kama nusu milimita. Unaweza kusema nusu milimita ni nini? Lakini kama pembeni kote zimekabwa na ukuta na katikati zimekabana zenyewe, hiyo nusu milimita haina pa kwenda ila juu. Piga hesabu ya pembetatu: tailizi mbili za sentimita 60 zilizogusana, ukizisukuma nusu milimita tu, pale zinapokutana panainuka karibu sentimita 2. Ndiyo "pa!" aliyoisikia mama. Zingekuwa zimeshikwa vizuri chini, zingevumilia. Zingekuwa na nafasi pembeni, zisingesukumana. Chumbani kwenu yalikosekana yote mawili.

Kuhusu kushika. Poseleni hainywi maji. Inapimwa kiwandani isizidi nusu asilimia ya uzito wake. Saruji ya kawaida inashika kwa kuingia kwenye vitundu vidogo vya mgongo wa tailizi, na poseleni karibu haina vitundu hivyo. Mafundi wengi tulianza na tailizi za udongo wa kuoka, zile unaziloweka kwenye beseni mpaka ziache kutoa mapovu, na zile saruji inazishika vizuri. Zilipokuja hizi kubwa ngumu tukaendelea na mkono ule ule. Kujua uliyonayo ni ipi, geuza moja, dondoshea maji mgongoni. Yakinywewa upesi, ni ya udongo. Yakikaa juu yanakutazama, ni poseleni, na hapo ni gundi ya tailizi tu, ile ya unga wa mfuko inayokorogwa na maji, hakuna njia ya mkato.

Hiyo gundi nayo ina adabu yake. Inapakwa sakafuni kwa mwiko wa meno, kwa saizi yako meno ya milimita 10, mistari yote ielekee upande mmoja. Mgongo wa tailizi nao upakwe safu nyembamba. Ukiilaza, isukume kukata ile mistari, mbele na nyuma, ili hewa itoke na mistari ilale. Usiizungushe. Kisha iinue uangalie. Kanuni za Marekani zinataka gundi iguse angalau asilimia 80 ya mgongo ndani pakavu, na 95 bafuni na nje. Mimi sitofautishi, sebuleni pia nataka mgongo wote uwe umelowa gundi, hasa kona, maana kona ndiyo inayovunjika mguu wa kochi ukiikanyaga.

Na hapa Tanga kuna upepo na joto. Gundi ukiipaka eneo kubwa, robo saa haijafika inaota ngozi juu. Kwa macho inaonekana mbichi, kumbe haishiki tena. Paka ya tailizi mbili, laza mbili. Gusa kwa kidole: kidole kikitoka kikavu, kwangua yote utupe. Kuna anayeona uchungu kutupa akaongeza maji kwenye ndoo akakoroga upya. Hiyo gundi imeshakufa mwanangu, maji hayaifufui. Na maji ya kuchanganyia yawe ya bomba, siyo ya kisima chenye chumvi.

Sasa niru ya baba. Adui si niru, ni ile polishi nyekundu mliyopaka kila Idi kwa miaka thelathini na kitu. Gundi haishiki mafuta. Kodi grainda yenye diski ya kusagia zege, isagwe mpaka wekundu ule wa kung'aa uondoke na sakafu iwe ya kukwaruza. Kama hakuna grainda, tindo na nyundo, vidonda vidogo vidogo kila baada ya sentimita 5, ni kazi ya siku mbili za vijana lakini inafaa. Ukimaliza nyunyiza maji. Yakijikusanya kama umande kwenye jani la mgomba, polishi bado ipo. Yakitandaa na kuzama, endelea. Gonga pia sakafu yote kwa mpini wa nyundo, panapolia debe pabomolewe papigwe upya.

Na kwa kuwa nyumba ni ya zamani, hakikisha unyevu. Chukua nailoni ya mita moja, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, iache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini yake, unyevu unapanda kutoka ardhini, uniambie kabla hujanunua chochote.

Lingine, usawa. Rula ya alumini ya mita 2, ilaze huku na huku. Palipo na upenyo zaidi ya milimita 3 chini yake pajazwe kwanza na paachwe pakauke. Mabonge matano yalizaliwa hapa: fundi anakwepa kusawazisha sakafu, anatumia bonge kupandisha tailizi mpaka pimamaji imkubalie. Juu pako sawa, chini ni pango.

Nafasi: spesa (vile vitenganishi vya plastiki) za milimita 3 kila kiungo, usikubali chini ya hapo hata akikwambia haipendezi. Na ukutani kote, pamoja na mlangoni, acha milimita 8 tupu. Tupu maana yake isijae gundi wala saruji wala vipande vya mbao. Skating, ule ukanda wa tailizi unaobandikwa chini ya ukuta, itaifunika, hakuna atakayeiona.

Kuhusu kumwambia fundi, nitakujibu baadaye, naingia msikitini.

Kaunta_Ngamiani

Dada pole sana. Mimi nauza vifaa vya ujenzi huku Ngamiani, naongezea upande wetu maana lawama za kwetu nazo zipo. Kabla hujalipa soma ubavuni mwa kila boksi: kuna namba ya toleo na namba ya rangi. Zote zifanane. Mteja ananunua boksi 10 leo, mwezi ujao anarudi kuongeza 3, jina lile lile, picha ile ile, akiziweka jioni taa ikiwaka anaona mstari wa rangi nyingine katikati ya sebule. Tena wakati mwingine zinapishana hata ukubwa kwa milimita moja, spesa haziendi sawa. Nunua zote siku moja, na mwambie fundi afungue boksi tatu nne kwa pamoja achanganye.

Kwa sebule yako ya 4.7 kwa 3.7 ni mita za mraba 17.39. Boksi la 60 kwa 60 lina tailizi 4, yaani mita za mraba 1.44. Boksi 13 zinakutosha.

FundiSahare

Nimerudi. Ndugu yangu wa Ngamiani ameongea kweli kuhusu namba za boksi, ila hizo 13 hazimtoshi, na hapa wengi hukwama siku ya mwisho ya kazi. Usihesabu mita za mraba peke yake, hesabu tailizi.

Upande wa 3.7: ukianza ukutani na tailizi nzima utaweka sita, ubakiwe na kipande cha sentimita 6 au 7 upande wa pili. Kipande hicho ni kibaya kwa macho, kigumu kukata, na kitakuwa cha kwanza kuvunjika. Fanya hivi: piga mstari wa katikati kwa uzi wa chaki, weka tailizi tano nzima katikati, halafu kila upande kipande cha sentimita 33 hivi. Chumba kinatulia. Upande wa 4.7 zinaingia saba nzima na kipande cha 46 au 47, hicho kipeleke nyuma ya makochi.

Hesabu sasa: safu 8, kila safu inakula tailizi 7. Jumla 56, ambazo ni boksi 14 kamili. Nunua 15, moja iwekwe stoo, maana mwaka ujao toleo hilo halitakuwepo. Na usiogope mabaki. Kwenye vile vipande vya pembeni utabaki na mabaki 16 ya upana wa kama sentimita 26. Kila moja linatoa skating mbili za sentimita 10. Hiyo ni mita 19 hivi, na mzunguko wa sebule yako ni 16.8. Skating umeipata bila kununua.

Gundi kwa meno ya milimita 10 pamoja na kupaka mgongo, mfuko wa kilo 20 unakwenda kama mita 4 za mraba. Nunua mitano.

BabaWawili_Pongwe

Mzee shikamoo. Mimi si fundi, nachangia la bafu kwa sababu limenigharimu. Nilipenda tailizi za kung'aa sebuleni nikaziweka hizo hizo bafuni. Ziliwekwa sawa kabisa na pimamaji, yaani bapa. Maji yanasimama nyuma ya mlango, tundu la kutolea maji liko juu kuliko pembe. Tukawa tunasukuma maji kwa fagio kila mtu akioga. Mke wangu aliteleza akiwa na mimba ya miezi saba. Mungu alitulinda, lakini kesho yake nilizibandua zote.

Safari ya pili niliweka za 30 kwa 30 zenye kukwaruza, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tunduni. Zile ndogo zinafuata mteremko bila kukatwakatwa. Dada, mteremko utengenezwe kwenye sakafu yenyewe kabla ya tailizi, usiache fundi autafute kwa gundi. Sakafu ya bafu iwe chini ya ya chumba angalau sentimita mbili. Na kabla ya kuweka hata tailizi moja, ziba tundu, jaza maji, yaache siku nzima uone kama yanapungua.

BintiMikanjuni

Ahsanteni wote, na shikamoo mzee wangu wa Sahare. Kaka wa Pongwe pole, na mshukuruni Mungu.

Jana nilikaa na mama tukagonga chumba cha kwanza, kile ambacho hakijainuka, kwa sarafu ya shilingi mia mbili. Kinacholia debe tukakitia alama ya chaki. Kati ya tailizi 30 zimelia 19. Mama alinyamaza tu. Hicho ndicho chumba anacholala. Je, nizibandue zote au nisubiri? Na baraza mnanishaurije, inapigwa jua kuanzia saa nane mpaka magharibi.

Nailoni niliiweka, asubuhi ilikuwa kavu.

FundiSahare

Kavu, alhamdulillah. Mzee aliweka kokoto vizuri chini.

Chumba cha mama: kwanza kitolewe shinikizo, tena wiki hii. Bandua skating, fundi apitishe grainda kuzunguka ukuta wote, afungue upenyo wa milimita 8 mpaka sakafuni. Hilo ni la nusu siku na litazuia zisiruke usiku mama akiwa kitandani. Halafu, ukishamaliza sebule, zibandue. Kumi na tisa kwa thelathini siyo za kuachwa, kitanda kiko juu yake. Habari njema ni kwamba migongo ni misafi. Nyingi utazitoa nzima kwa kuanzia ukutani, unazisugua, unazirudisha kwa gundi. Ya chumba cha pili vivyo hivyo, zilizovunjika tu ndizo utakazonunua.

Baraza ina mambo yake. Jua la mchana mzima ni mtanuko mkubwa kuliko wa ndani. Viungo viwe milimita 5, na kila baada ya mita 3 hivi uachwe mstari unaojazwa silikoni badala ya grauti (saruji ya kujazia viungo), uende mpaka chini ya tailizi. Mteremko kwenda nje, sentimita moja na nusu kwa mita. Rangi isiwe nyeusi wala kahawia iliyokolea, zinakusanya joto, na wajukuu watashindwa kukanyaga pekupeku. Kazi ifanywe asubuhi kabla jua halijafika, au mfunge turubai. Na mchanga wa kusawazishia uwe wa mto. Ule wa ufukweni una chumvi, masika ikija utaona unga mweupe unatoka kwenye viungo na hautaisha kufagiliwa.

Grauti isubiri saa 24 baada ya kulaza. Milango ikatwe chini kabla ya kuanza, sakafu itapanda sentimita moja na nusu.

Sasa la fundi. Mwanangu, zungumza naye kabla ya bei, siyo katikati ya kazi. Mafundi tunaharibu kwa sababu tunalipwa kwa mita na tunakimbizana na kazi ya pili. Mwambie hivi: "Fundi, nataka gundi mgongo mzima, spesa, na nafasi ukutani. Najua inachukua muda, nitaulipa huo muda. Na kila baada ya tailizi kumi utaniinulia moja nione." Hapo humfundishi kazi, unamwambia unachonunua. Anayejua atafurahi, kwa sababu umempa nafasi ya kufanya kazi anayoijua. Akikasirika, mshukuru kwa muda wake, mpe maji ya kunywa, aende.

Wala usiseme wewe mwanamke hujashika mwiko. Uligeuza tailizi ukatazama mgongo. Mimi ilinichukua miaka kumi na tatu.

BintiMikanjuni

Mzee wangu, narudi kuwapa habari. Nilizungumza na mafundi watatu. Wa kwanza alicheka akasema gundi ni ya matajiri. Wa pili alikubali kila kitu haraka mno, hata sikumaliza kusema. Wa tatu ni kijana wa Duga, alisikiliza, akaniuliza polishi tulikuwa tunapaka ya aina gani, akapiga magoti akakwaruza niru kwa kucha. Nikampa kazi.

Niru imesagwa siku mbili, vumbi jekundu mpaka kwenye majani ya mwembe wa jirani. Leo asubuhi ameanza katikati, kwenye uzi wa chaki. Tailizi ya tatu aliiinua mwenyewe bila kuombwa akaniita: mgongo wote kijivu, kona zote nne. Mama amekaa mlangoni kwenye kigoda na ile sarafu yake ya mia mbili, anasubiri zikauke agonge.